Bustani Nyuma ya Chumba cha Sitini na Nne

Njia ya kutoka mle ndani ilikuwa moja tu: kufa mara tatu.

Bi. Nyamizi alikwisha kuelezwa hivyo, na hii ilikuwa mara yake ya pili kuingia, lakini alipofumbua macho katika chumba cha kwanza, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupapasa ukuta akitafuta kitasa. Hakuwa na mkono wa kupapasia. Alikuwa mraba wa bluu wenye vitone viwili vyeupe mahali pa macho. Kuta zilikuwa za matofali ya kijani, yote sawasawa, na sakafu ilikuwa nyeusi kama kinywa cha kisima. Juu kabisa, pembeni, vilining'inia vimraba vitatu vidogo vya bluu. Hayo ndiyo maisha yake matatu.

Mle ndani mtu alikwenda juu, chini, kushoto au kulia. Hakukuwa na kwenda mshazari, hakukuwa na kukaa wala kuegemea. Hapakuwa na harufu ya kitu chochote. Hilo ndilo lililombana kifua kuliko yote, ingawa kifua chenyewe kilikuwa kimelazwa kitandani mtaa wa pili kutoka stesheni ya Tabora, kikipumua polepole chini ya shuka.

"Umechelewa," sauti ikasema.

Mraba wa njano ulikuwa umesimama kwenye pembe ya chumba. Sauti ilikuwa ya Mihayo, binamu yake, mtoto wa shangazi yake. Ile ile ya kukwaruza, kama ya mtu aliyemeza unga mkavu. Mihayo alikuwa amekufa miezi kumi na mmoja iliyopita.

"Nina miaka themanini na moja, na nyonga yangu moja ni ya chuma," Nyamizi alisema. "Wewe umeshakufa. Haraka ya nini?"

"Ya chuma? Ndiyo maana nimesikia kama treni ya mizigo inaingia."

"Cheka tu. Mimi angalau nina nyonga."

Mraba wa njano ukacheka. Ilikuwa ajabu kusikia kicheko kisicho na mabega ya kutikisika.

"Njoo karibu," Mihayo alisema. "Nataka unikumbushe vizuri. Nimevipita vyumba vyote sitini na vinne. Vya nyoka, vya popo, kile chenye funguo mbili. Nimevichora vyote kichwani, na unajua mimi sikosei ramani. Nimefika cha mwisho mara elfu nne mia moja na sita. Kila nikivuka mlango wake najikuta hapa tena, kwenye kijani hiki. Kuna kitu nakosea. Ulisema mgomba ulikuwa kulia au kushoto?"

Nyamizi aligeuza vitone vyake vya macho ukutani.

"Ulisema kulia," Mihayo aliendelea. "Mgomba kulia, kisima kushoto, na ndoo imepinduliwa. Na maji yanasikika. Nimekuwa nikisikiliza, Nyamizi. Chumba cha sitini na nne nasimama kimya kabisa nasikiliza maji."

"Ni zamani sana, Mihayo."

"Miaka sabini. Lakini wewe ndiye uliyeiona ile bustani. Mimi sijaiona. Humu hakuna usingizi, hawakuniambia hilo vizuri. Hakuna kulala, hakuna kusinzia. Isingekuwa bustani ile mbele yangu, sijui."

Mihayo alimsindikiza hadi chumba cha tatu, alikokaa nyoka. Nyamizi alitaka kumwambia jambo, na mara mbili alianza, na mara mbili Mihayo alimkatiza kumwonyesha tofali fulani, au namna popo anavyogeuka. Kisha nyoka akaja, mstari mwekundu wa vipande sita. Hakumuuma, alimgusa tu, na noti tatu za muziki zikalia zikishuka. Akarudi chumba cha kwanza. Akafa tena. Mara ya tatu, sauti ya Mihayo ilimfuata kwenye giza:

"Kumbuka vizuri. Kulia au kushoto."

*

Bi. Sikudhani, fundi wa Nyumba ya Miangwi, alimvua kofia ya nyaya na kumpangusa paji la uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyehamia Tabora kikazi, na tangu siku ya kwanza hakuacha haki ya kabila lake ya kumtania Mnyamwezi.

"Nyie mlibeba mizigo ya watu tangu bara hadi pwani," alisema, "na hata mkifa bado mnatafuta cha kubeba. Nikuwekee mto, bibi?"

"Weka. Na kuku wa kwenu wamenona? Nikija nawachukua wote."

"Ukija na nyonga hiyo watakukimbia."

Kalunde, binti wa Mihayo, hakucheka. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mikono ameifumbata juu ya magoti. Mbele yake, juu ya meza, ndani ya kisanduku cha kioo, kulikuwa na kaseti ya gemu: kipande cha plastiki nyeusi kisichozidi kiganja, lebo yake imebanduka, chini kina meno ya shaba. Waya mwembamba kama unywele ulitoka kwenye meno yale ukaingia ukutani.

Humo ndimo alimokuwa baba yake.

Kila mtu siku hizo alijua kidogo kuhusu miangwi. Mtu akikaribia kufa, akili yake husomwa na kuhifadhiwa, lakini akili isiyo na mahali huoza kwa wiki moja. Lazima ipewe makazi, mahali penye kuta na njia, ishike kama mche unavyoshika udongo. Wengine huchagua shamba, wengine nyumba ya ujanani. Ikishashika haihamishiki. Na haizimwi ovyo, kwa sababu miaka ya mwanzo watu waliwazima wazee wao kwa kugombea nyumba. Sasa sheria ni kwamba mwangwi mwenyewe lazima aseme "Nimefika" mara tatu, mbele ya shahidi aliyeingia ndani, ambaye jina lake limeandikwa kwenye wosia. Bila hivyo hakuna mkono wa mtu unaogusa swichi.

Mihayo, aliyepima ardhi maisha yake yote, alichagua gemu alilocheza akiwa na miaka kumi na mmoja. Si nakala. Kaseti ile ile. Na shahidi aliyemwandika alikuwa Nyamizi.

"Mwambie, Bi. Sikudhani," Kalunde alisema.

Fundi alivuta kigoda akakaa karibu na kitanda. Utani ukamtoka usoni.

"Kaseti inakufa, bibi. Ina miaka zaidi ya sabini, haikutengenezwa kwa kazi hii. Nimepima leo ulipokuwa ndani. Itafika kesho mchana, ikichelewa sana kesho jioni. Na ikifa haitazimika kama taa. Itaganda. Picha itabaki moja, haisogei. Naye ataganda nayo."

"Ataganda vipi?"

"Akiwa macho. Na mwangwi ulioganda hauwezi kusema chochote, kwa hiyo kisheria hauzimwi. Tunao wawili wa namna hiyo chumba cha nyuma. Hatuwezi kuwafanya lolote."

Nje, treni ya mchana ikapiga honi. Wote watatu wakaisubiri inyamaze.

"Lakini iko njia," Kalunde alisema. "Baba hasemi neno lile kwa sababu anasubiri bustani. Bi. Sikudhani amechunguza kaseti yote, bustani haimo. Tunadhani sehemu hiyo ilioza. Wewe ndiye pekee uliyeiona, shangazi. Ukieleza ilivyokuwa, fundi anaweza kuijenga upya na kuipachika nyuma ya chumba cha sitini na nne. Ni kazi ya asubuhi moja. Baba atavuka, ataiona, atasema."

Akasogeza karatasi. Juu yake iliandikwa kwamba mimi Nyamizi fulani nathibitisha kuwa sehemu iliyotajwa ilikuwapo katika makazi ya asili, na kwamba kinachoongezwa ni ukarabati, si kitu kipya. Sheria haikuruhusu kumwongezea mwangwi kitu ambacho hakukichagua. Ilihitaji sahihi ya aliyeona.

"Amekaa miezi kumi na mmoja bila usingizi," Kalunde alisema taratibu. "Baba yangu."

Nyamizi alishika kalamu. Akaiangalia kalamu, akaangalia kaseti.

"Nipe hadi kesho asubuhi," alisema.

*

Mwaka ule mvua zilichelewa. Walikuwa wakikaa kota za reli, nyumba ya akina Nyamizi ikitazamana na ya akina Mihayo, katikati kamba za kuanikia. Baba yake Mihayo alirudi kutoka ng'ambo alikopelekwa kusomea ishara za treni, akaja na sanduku lenye kompyuta ndogo ya vibonye vya mpira, televisheni moja na kaseti moja. Bara hakukuwa na stesheni ya televisheni bado. Kwa hiyo televisheni ile haikuwahi kuonyesha kitu kingine chochote, si habari, si mpira, si wimbo, ila vyumba vya kijani na mraba wa njano. Watoto wa kota waliamini televisheni ndiyo hiyo. Hata baadhi ya watu wazima.

Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Hawakujifunza hilo popote. Walikulia ndani yake. Nyamizi aliruhusiwa kumnyang'anya Mihayo kiazi mkononi, na Mihayo aliruhusiwa kumwambia Nyamizi ana masikio ya punda, na hakuna aliyeruhusiwa kununa. Kila mmoja alimdanganya mwenzake mara tatu kwa siku. Uongo wa mtani hausimami hata saa moja. Mwenye kudanganywa hushtuka, hutukana, hucheka, umekwisha.

Kabla ya likizo ya Desemba Mihayo alishikwa na malaria iliyopanda kichwani. Siku ya tano Nyamizi alicheza peke yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya mtoto yeyote wa kota ile akafika chumba cha sitini na nne. Akavuka mlango wa mwisho.

Akajikuta chumba cha kwanza. Matofali yale yale. Nyoka tu ndiye aliyekuwa ameongezewa mwendo.

Akaizima. Akakimbia kuvuka kamba za nguo hadi dirishani kwa Mihayo, tayari kumwambia kwamba gemu lake ni la kijinga, na pale dirishani akamsikia daktari akimwambia shangazi yake waite ndugu.

Walimruhusu aingie. Akapindua ndoo, akaketi karibu na kitanda. Mfukoni alikuwa na karanga za kuchemsha. Mgonjwa alikatazwa, kwa hiyo akazila mwenyewe, moja moja, kwa kuwa hakujua mikono yake aifanyie nini. Mihayo alifumbua macho. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Kuna nini?"

Nyamizi aliona jasho likitiririka kwenye shingo ya binamu yake. Nje ya dirisha kulikuwa na mgomba. Kisima cha kota kilikuwa upande wa pili.

"Bustani," alisema. "Kubwa. Kuna mgomba kulia, na kisima kushoto, na ndoo imepinduliwa, na maji yanasikika. Ukifika pale gemu halianzi tena. Unakaa."

Alimsubiri ashtuke. Alimsubiri aseme muongo wewe, masikio ya punda. Mihayo alifumba macho akatabasamu, na akalala, na baada ya siku mbili homa ikashuka.

Krismasi haijafika, radi ilipiga ikaua kompyuta. Januari, baba yake Mihayo alihamishiwa Mpanda. Walipokutana tena walikuwa na miaka kumi na tisa, na Mihayo alikuwa akiwasimulia wenzake wa chuo cha upimaji kuhusu gemu ambalo binamu yake pekee ndiye aliyelimaliza. Nyamizi alicheka pamoja nao. Miaka ikaenda. Mihayo aliisimulia bustani ile kwenye harusi yake, akaisimulia kwa watoto wake wakati wa kulala. Kila mara Nyamizi alidhani bado kuna wakati.

Hata siku ya mazishi, ambayo mtani hulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, halafu yeye ndiye hufukia, hakuwapo. Alikuwa amelazwa hospitalini Nzega, mguu umening'inizwa. Kaburi lilifukiwa kimya kimya kama la mgeni. Ni baada ya kutoka hospitali ndipo alipoambiwa Mihayo alichagua makazi gani, na kwa sababu gani.

*

Asubuhi aliirudisha karatasi mezani, haina sahihi.

"Chumba hicho hakikuoza," alisema. "Hakikuwapo. Nilikitunga mimi."

Alieleza yote, kwa ufupi, akiwa amesimama na fimbo yake. Kalunde alisikiliza bila kupepesa. Alipomaliza, mwanamke yule aliisukuma karatasi mbele yake tena.

"Sawa. Ulikitunga. Basi kitunge tena. Tia sahihi."

"Hapana, mwanangu."

"Kwa nini? Ulimdanganya alipokuwa mzima, unashindwa nini sasa?"

"Alipokuwa mzima angeweza kuinuka siku yoyote akaenda kujionea. Sasa nikimfunga macho, ndiyo basi. Ataondoka duniani kupitia mlango niliouchora mimi. Neno lile sheria inataka liwe lake."

"Bibi," Sikudhani alisema kwa upole, "hata aliyedanganywa akisema, mashine itakubali."

"Najua itakubali."

Kalunde alisimama. "Sikiliza, shangazi. Ukimwambia na akakasirika, akakataa kusema, kaseti ikafa mchana, ataganda akijua hakuna kitu. Sasa hivi angalau ataganda akitumaini. Unaona unachotaka kukifanya?"

Nyamizi aliona. Alikuwa ameliona usiku kucha. Angeweza kukaa hapo abishane hadi mchana, na mchana ungeamua badala yao.

"Mimi ndiye mtani wake," alisema. "Kama lipo la kumuumiza, ni haki yangu na ni kazi yangu. Sikuifanya mwaka jana." Akamgeukia fundi. "Nivalishe."

Kalunde aligeuzia uso dirishani. Hakusema aende, wala hakusema asiende.

"Bibi," Sikudhani alinong'ona akimfunga mikanda ya kofia, "kuta zikianza kubadilika rangi, mkimbilie nyoka. Usimsubiri mtu. Picha ikiganda nikakutoa kwa nguvu, sijui utarudi nusu au mzima."

*

Rangi zilikuwa zimeshaanza kubadilika. Tofali moja kati ya kumi lilikuwa zambarau, na pembe moja ya chumba haikuwapo kabisa. Palikuwa na weusi tu.

Nyamizi hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa chumba cha kwanza. Upana wake ulikuwa mraba mmoja, na mraba mmoja ulitosha kuuziba.

"Sogea," Mihayo alisema. "Nataka kujaribu kwa kushoto leo."

"Sisogei."

"Nyamizi, sina mchezo."

"Mtani amelala mlangoni. Hupiti bila kutoa kitu."

Mraba wa njano ulitulia. Kwa mbali, noti moja ya muziki ilikuwa imekwama, inalia bila kukoma.

"Siku yangu hukuja kulala," Mihayo alisema hatimaye.

"Nilifungwa chuma Nzega. Nimekuja leo."

"Haya. Unataka nini? Kuku sina. Nguo sina. Hata kivuli sina."

"Nataka bustani."

"Ipi?"

"Ile ya mgomba. Nirudishie, ni yangu. Niliitunga mimi, nikiwa nimeketi kwenye ndoo, kando ya kitanda chako. Baada ya chumba cha mwisho hakuna kitu, Mihayo. Kuna chumba hiki. Niliona kwa macho yangu, nikaizima, nikakimbilia kwenu kukucheka. Nikamkuta daktari anasema waitwe ndugu. Nikakudanganya. Nilidhani utashtuka."

Mraba wa njano ukarudi nyuma hatua moja.

"Nilidhani utashtuka," alirudia. "Miaka sabini nasubiri ushtuke."

"Ondoka mlangoni." Haikuwa sauti ya utani. Hakuwahi kusikia sauti ile kwake, hata mara moja.

Nyamizi aliondoka. Mraba wa njano ulipita, ukaingia chumba cha pili, ukapotea.

Akabaki peke yake. Angeweza kumfuata, lakini hakuwa na haki hiyo. Angeweza kwenda kwa nyoka akaamka kwenye shuka safi. Hakwenda. Matofali yaligeuka zambarau moja moja, na alipochoka kuyahesabu aliendelea kuyahesabu. Alijaribu kuwaza mtu aliyekaa hivi miezi kumi na mmoja, bila kope za kufumba, na akaona kwamba hajawahi kuliwaza jambo hilo hadi mwisho wake. Ukuta wa juu ukatoweka. Kisha wa kushoto ukatetemeka kama kitu kinachosita.

Mraba wa njano ukatokea katikati ya chumba, pale pale ambapo mlango wa mwisho humtupa mtu.

"Elfu nne mia moja na saba," Mihayo alisema.

"Umevipita tena vyote?"

"Nilitaka kuviona bila bustani mbele."

"Vikoje?"

"Vibaya. Aliyevichora hakujua rangi. Nimekuwa nikiwapitia haraka haraka wote, nyoka, popo. Leo nimesimama. Popo wa chumba cha ishirini ana bawa moja refu kuliko jingine. Sikuwahi kuliona."

"Umenikasirikia."

"Nimekukasirikia hadi chumba cha hamsini hivi. Halafu nikakumbuka ulikuwa na masikio makubwa kiasi gani siku ile, umekaa pale. Ulikuwa unalia?"

"Sikuwa nalia."

"Ulikuwa unalia. Nilidhani ni kwa furaha ya kumaliza gemu."

Nyamizi alimweleza Mihayo kuhusu kaseti, na kuganda, na saa zilizobaki. Alimweleza kuhusu karatasi pia, na chumba ambacho wangeweza kumjengea.

"Kalunde alitaka hivyo kwa sababu anakupenda," alisema. "Na mimi sikusihi useme. Mtani hufukia. Hamsukumi mtu kaburini."

"Ungetia sahihi nisingejua."

"Usingejua."

Noti iliyokwama ikakatika. Kimya kilikuwa kikubwa kuliko vyumba vyote.

"Nimefika," Mihayo alisema.

Nyamizi hakusogea.

"Nimefika," alisema tena, taratibu zaidi, kama mtu anayeweka mguu ndani ya maji kuyapima. Kisha akasema, "Kabla ya ya tatu, na mimi nina langu. Chumba cha arobaini na moja. Ukuta wa kulia, tofali la tatu kutoka chini. Ukilisukuma bila kuacha, ukahesabu hadi mia mbili, linaachia."

"Muongo."

"Siku zote nilikipita mbio. Leo nikasimama, nikaegemea. Linaachia, Nyamizi. Kuna chumba ndani."

"Kina nini?"

"Msichana. Amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula karanga za kuchemsha. Nimesimama pale mpaka amezimaliza zote. Hakunipa hata moja."

"Mihayo."

"Nimefika."

Mraba wa njano haukufifia wala haukuzama. Ulikuwapo, na kwenye picha iliyofuata haukuwapo.

Kuta za zambarau zilikuwa zinacheza sasa. Nyamizi alitoka chumba cha kwanza akasimama kwenye njia panda ya chumba cha pili. Kulia ndiko vyumba vilikopanda, kumi, ishirini, arobaini na moja. Bado vilionekana, kwa muda. Kushoto kilikuwa chumba cha tatu na nyoka wake. Alisimama hapo kupita alivyopaswa kusimama.

Akaenda kushoto.

*

Alipofumbua macho, Sikudhani alikuwa ameishika swichi, na alikuwa ameshaishusha. Taa ndogo ya kisanduku cha kioo ilikuwa imezimika. Fundi alisema neno la kumwombea marehemu, akaenda kufungua dirisha, na harufu ya vumbi na ya maandazi ya stesheni ikaingia. Nyamizi aliivuta ndani hadi mbavu zikamuuma.

Kalunde alikuwa amepiga magoti karibu na kitanda. Aliushika mkono wa Nyamizi, mkono wa kweli wenye vidole vitano vilivyopinda, akaubana kwa nguvu iliyokuwa na hasira bado ndani yake.

"Amesema?"

"Mara tatu."

"Kwa kujua?"

"Kwa kujua."

Kalunde aliinamisha kichwa kwenye shuka. Mabega yalimtikisika kwa muda mrefu, na Nyamizi akamwacha. Alipoinua uso, alikuwa na sura ya mtoto asiyetaka hadithi ya kulalia iishe.

"Shangazi, niambie kweli. Mwisho kabisa, aliona kitu chochote?"

Nyamizi alikitazama kile kipande cha plastiki nyeusi ndani ya kioo.

"Alisema ameona," alijibu. "Lakini alikuwa mtani wangu."